Maji Yatapita Wapi?

Siku ya kutetea michoro katika studio moja ya usanifu majengo jijini Kampala, ukuta umejaa picha za kompyuta: maghorofa ya vioo, bustani za kijani, watu wanaotabasamu. Mhadhiri mkongwe hazikazii macho. Anaweka ncha ya penseli juu ya paa na kuuliza, "Mvua ya Aprili ikishuka hapa, maji yatapita wapi?"

Kisha ananyamaza.

Ufundi wake uko katika kunyamaza huko. Mwanafunzi aliyekariri mifumo ya majengo hutaja upesi kipenyo cha bomba. Aliyefikiri hulifuata tone kwa kidole, kutoka paani hadi kwenye mtaro, akagundua mwenyewe kwamba bomba lake limetoboa boriti. Huyo wa pili, ingawa ameanza kwa kukosea, ndiye anayepata alama. Mhadhiri hamwachi hapo. Umeme ukikatika, ghorofa ya tano itapata hewa wapi? Mwenye kujua sababu hushika kifutio. Mwenye kujua jibu tu hukwama.

Kampala yenyewe ni mtihani. Iko kilomita zisizofika 40 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi mwaka mzima. Waliosanifu Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, uliofunguliwa mwaka 1959, waliufunika uso wake kwa wavu wa zege unaokata jua na kupitisha upepo. Leo minara ya vioo inaelekezwa popote barabara ilipo, kisha viyoyozi vinabebeshwa mzigo ambao msanifu hakuufikiria.

Na kuna Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda. Jumba la Muzibu Azaala Mpanga lilijengwa mwaka 1882, na pete 52 za dari yake zinawakilisha koo za Buganda. Kuezeka kwa nyasi ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Kijana hujifunza huko huko juu ya paa, pembeni mwa mzee, na masika ndiyo husahihisha kazi yake. Moto ulipoliteketeza jumba hilo tarehe 16 Machi 2010, likaachwa swali ambalo kila mwanafunzi wa usanifu angepaswa kupewa akiwa amesimama pale kilimani: nyasi zitalindwaje dhidi ya moto bila kuacha kuwa nyasi? Ilipofika mwaka 2023 ndipo UNESCO ikaliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Swali kama hilo la nyasi linahitaji saa nzima na mwanafunzi mmoja. Madarasa yamefurika, na saa hiyo imeliwa. Fomu za kusahihishia zina safu ya uwasilishaji, safu ya vipimo, safu ya unadhifu. Aliyefuta ukuta mzima kwa sababu ametambua upepo unatoka wapi hana safu yake. Mbele ya fomu, karatasi yake ni chafu tu.