Mkono Juu ya Injini Baridi

Fungua boneti ya trekta kuukuu aina ya Massey Ferguson 175 katika shamba lolote la Trans Nzoia, na huenda ukakutana na injini ya Perkins 4.236. Namba hiyo haina fumbo: silinda nne, inchi za ujazo 236, yaani karibu lita 3.9. Perkins walianza kuunda dizeli huko Peterborough, Uingereza, mwaka 1932, na Massey Ferguson wakainunua kampuni hiyo mwaka 1959. Injini hiyo hiyo ukiiondolea rejeta, ukaiwekea pampu ya kuvuta maji kutoka nje na bomba la moshi linalopozwa kwa maji, inakuwa injini ya boti. Mabaharia wa Ulaya waliipenda kwa sababu ile ile iliyowafanya wakulima wa Kiminini waipende: inavumilia, na vipuri vyake havikosekani.

Kwa hiyo si ajabu kwamba marafiki kadhaa wa Bungoma, wengi wao walimu waliostaafu, walipotaka kununua boti ya kustarehe wikendi katika Ghuba ya Winam, walimfuata fundi wa matrekta wa Kitale. Boti yenyewe ilikuwa na urefu wa mita tisa hivi, ya faiba, yenye chumba kidogo cha kulala watu wawili, jiko la gesi, na Perkins 4.236 chini ya sakafu. Ilikuwa imefanya kazi pwani kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa kwenye lori hadi Kisumu. Bei iliyotajwa ingetosha kununua ekari tatu za shamba zuri la mahindi, jambo ambalo mmoja wao alilitaja kila tulipokaribia mji mpya nikisafiri nao kwenda Kisumu kuikagua: Webuye alilisema, Kakamega akalirudia, na tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani akalisema tena kwa sauti ya chini zaidi.

Fundi alikuwa ametoa sharti moja tu kwa simu: injini isiwashwe kabla hajafika. Alipopanda botini hakusalimia injini kwa spana. Aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo. Ilikuwa na joto. Dalali aliyekuwa akiiuza boti akaeleza kwamba aliipasha kidogo asubuhi "ili isiwasumbue wageni."

"Asante, bosi," fundi akasema. "Basi tutaanza na mengine, ipoe."

Ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi kupoa. Nimewaona wakaguzi wengi wa magari pale Bungoma, hodari kweli, wanaozunguka Probox mara moja na kukwambia iligongwa wapi. Huyu ni wa aina nyingine. Injini ya dizeli iliyochoka huificha siri yake ikiwa moto. Ikiwa baridi, mgandamizo hafifu wa silinda huonekana waziwazi kwa jinsi inavyohangaika kushika na moshi inaoutoa dakika ya kwanza. Mtu anayeipasha kabla ya mnunuzi kufika amekwisha kukuambia kitu, ila hujajua ni kitu gani. Fundi hakumlaumu dalali. Alichukua daftari lake la shule, akaandika neno moja, akageukia boti.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu zaidi, kwa sababu alisema mbele ya watu wote kwamba faiba si kazi yake. Alikuwa amemwita mzee mmoja wa Dunga, anayeunda mashua za mbao za wavuvi na kuziba boti za faiba za watu wa mjini. Boti ilikuwa imepandishwa nchi kavu juu ya magogo. Mzee alitoa kinyundo chenye kichwa cha plastiki, akaanza kugonga kutoka omo kwenda tezi, kila upana wa kiganja, kama mama anayegonga chungu sokoni kabla ya kulipa. Ko, ko, ko. Mlio mkavu na wa juu ni faiba iliyoshikana. Akafika chini ya usawa wa maji upande wa kushoto, mlio ukawa mzito, pu, akarudi nyuma kidogo, akagonga tena, akachora duara kwa chaki. Yalikuwepo maduara machache tu. Moja lilikuwa kubwa kuliko sahani.

Ndani ya maduara mengine alitafuta malengelenge kwa vidole, akiwa amefumba macho. Maji hupenya polepole kwenye rangi ngumu ya nje ya faiba, yakakutana na kemikali ambazo hazikukauka vizuri kiwandani, yakatengeneza tone linalovimba. Wengi hudhani chumvi ndiyo adui mkubwa wa boti. Kwa malengelenge, maji baridi ya ziwa ni mabaya zaidi: yanapenya kwa haraka kuliko ya bahari, na joto huyazidishia kasi. Boti iliyokaa salama pwani inaweza kuanza kuvimba baada ya kuhamia Kisumu. Mzee alitoboa lengelenge moja kwa ncha ya kisu, akanusa kilichotoka. Harufu kali, kama siki. Akasema litatibika, ila boti ikae juu ikauke kwa miezi, si kwa siku.

Akaenda kwenye duara kubwa, akaligonga kwa ndani pia. Boti nyingi za faiba zina mbao zilizofunikwa: magogo marefu ya kuimarisha sakafu, na vitanda ambavyo injini imefungiwa. Maji yakiingia kupitia tundu la skrubu lisilozibwa vizuri, mbao huoza ndani ya ganda ambalo kwa nje linang'aa. Fundi alishika boliti moja ya kufungia injini kwa spana na kuizungusha robo. Ilikaza. Nyingine ikakaza. Ya tatu ikazunguka bila kukataa. Wakatazamana, mzee na fundi, bila kusema. Nilipouliza, fundi alinieleza kwamba boliti isiyokataa imeuma kitu laini.

Alipofika kwenye propela aliishika kwa mikono miwili, akaitikisa juu na chini, akasikiliza. Shafti inapotoka botini hupita kwenye bushi ya mpira inayolainishwa na maji. Ikichakaa, shafti hucheza, na mchezo huo mdogo hugeuka mtetemo unaofungua kila nati botini. Kisha akainama, akafuta ukoko kwenye kitovu cha propela mpaka namba zilizopigwa pale zikaonekana, akaziandika. Sikuelewa wakati ule kwa nini alizitazama kwa muda mrefu hivyo.

Injini ilipopoa alichomoa kijiti cha kupimia oili, akafuta tone kati ya kidole gumba na cha shahada. Oili nyeusi si tatizo, dizeli ndivyo ilivyo. Alitafuta weupe wa maziwa, dalili ya maji kuingia, na chembechembe, dalili ya chuma kusagika. Hakukuwa na weupe. Akafungua kichujio cha maji ya kupozea: kilikuwa kimesokotwa na nyuzi za gugumaji. Tangu miaka ya 1990 mmea huo umekuwa ukija na kuondoka kwenye Ghuba ya Winam kama mgeni asiyeaga, na kichujio kikiziba, pampu huvuta hewa. Mapanga ya mpira yaliyo ndani yake huchanika baada ya muda mfupi yakizunguka makavu. Akalitoa gurudumu lenyewe la mpira. Lilikuwa na mapanga yote. Akaandika tu: libadilishwe.

Alikagua pia kiwiko cha chuma ambapo maji hukutana na moshi. Hii ndiyo sehemu inayokufa mapema kwenye boti iliyotoka baharini, kwa sababu moshi moto na maji ya chumvi vikikutana hakuna chuma cha kawaida kinachodumu. Alikikwaruza kwa bisibisi, kikamomonyoka kama keki. Nyaya za umeme aliziangalia kwa tochi: baadhi zilikuwa za gari, shaba tupu ndani ya plastiki nyembamba, nazo zilikuwa zimegeuka kijani kwenye ncha. Mtu aliyeongeza redio na taa alifanya kazi hiyo haraka.

Ndipo akawasha. Ilishika kwa mzunguko wa pili, ikatoa moshi mweupe kidogo ambao uliyeyuka ndani ya dakika. Hakuna bluu. Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mweupe unaokawia ni mafuta yasiyoungua au maji. Bluu ni oili inayopanda kwenye pete za pistoni. Hii ilikuwa nzima. Kupashwa asubuhi kulikuwa kwa sababu ya betri dhaifu, si silinda. Alifuta lile neno alilolianza nalo kwenye daftari, na nilifurahi kuona alivyolifuta kwa makini, kwa mistari miwili.

Boti ilishushwa majini siku nyingine, asubuhi, kwa sababu baada ya saa nane upepo wa ghuba huchafuka na mawimbi huficha makosa ya usukani. Nje ya Hippo Point alisukuma kasi hadi mwisho, akaangalia saa ya mizunguko. Injini ilipaswa kufika mizunguko 2,500 kwa dakika. Ilisimama 2,150 na kukataa kupanda, na nyuma yetu moshi mweusi ukatanda. Dalali akasema ni nozeli chafu. Mzee wa Dunga akasema labda chini kumejaa mwani, lakini tulikuwa tumepasugua siku iliyotangulia.

Fundi alitoa daftari, akaonyesha namba za propela: kipenyo na pembe ya mapanga yake.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kila anayefanya kazi ya dizeli huko anajua kwamba trekta lisilo na tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, linaloletwa kutoka Mombasa hutoa moshi mweusi likipanda mlima na jembe, kwa sababu hewa ni nyepesi, na mafuta yanayomiminwa ni yale yale ya pwani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Watu husahau, kwa sababu ziwa limelala tambarare na linaonekana chini ya kila kitu. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu zake hapo. Propela hii ilichaguliwa kwa ajili ya bahari, ikapanda lori hadi Kisumu na pembe zake za bahari, na injini imekuwa ikiburuta mzigo isiouweza tangu ifike. Fundi wa pwani angeweza kuibomoa pampu ya mafuta wiki nzima. Huyu alilijua tatizo kabla hatujatoka nchi kavu, ila alisubiri saa ya mizunguko iseme.

Ukaguzi wa KMA, mamlaka ya Kenya inayosimamia vyombo vya majini, ni jambo lingine, na ni la lazima: leseni, jaketi okozi za kutosha, vizima moto. Hautakwambia kama boti ina thamani ya ekari tatu.

Ripoti ya fundi ilikuwa kurasa mbili za daftari. Upande mmoja aliweka yasiyosubiri: kiwiko, kitanda cha injini, nyaya za gari, mpira wa pampu. Upande wa pili yanayosubiri: malengelenge, bushi ya shafti. Kila moja aliandikia gharama, na kwenye lile duara kubwa akaandika "bei ya mzee" kwa sababu hakutaka kukisia kazi ya mtu mwingine. Mwalimu mmoja akamwuliza, kama tunavyouliza sote, "Fundi, ungekuwa wewe ungenunua?"

"Mwalimu, mimi sijui kuogelea. Nimewaambia ilivyo."

Walinunua, baada ya kukata bei kwa jumla iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, na dalali hakubishana sana na kurasa zile kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinaonekana kwa macho. Propela ilipelekwa kwenye karakana, ikapunguzwa pembe inchi mbili. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila inchi hurudisha mizunguko kati ya 150 na 200. Mwalimu alimpigia simu kutoka ziwani kwa shangwe: mizunguko 2,480. Fundi alikuwa chini ya trekta, msimu wa kulima ukiwa umeanza. Alimsikiliza, akauliza moshi ni wa rangi gani, kisha akamtaka ahesabu matone yanayodondoka pale shafti inapotoka, injini ikiwa imezimwa.