Stesheni Isiyo na Abiria

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwaambia wanachuo kwamba mwenye kuhakiki kazi ya mtu ajiulize mambo mawili: mtengenezaji alikusudia nini, na je, amefaulu? Nimefika miaka sabini na sita ndipo nikatambua kwamba liko swali la tatu, nalo linamhusu mhakiki mwenyewe. Swali hilo nililikuta uani kwa mtu, chini ya milima ya Uluguru, mbele ya stesheni ya gari moshi isiyozidi urefu wa mkono wangu.

Mwenye stesheni hiyo alikuwa mwanachuo wangu mwaka 1984. Alifundisha shule za msingi hadi alipostaafu, na sasa amejenga uani kwake reli ndogo inayopita kati ya migomba na mchaichai. Njia na kigari vilitoka Ulaya, aliletewa na ndugu yake. Lakini stesheni aliijenga mwenyewe tangu msingi hadi paa, bila kununua hata kipande kilichotengenezwa tayari. Aliponiita kuitazama, alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Leo njoo unisahihishe." Niliitikia marahaba, nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Nianze na sifa, maana anazistahili. Reli yetu ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Reli za bustani za Ulaya nyingi zina upana wa milimita 45. Ukigawanya utaona kwamba kitu halisi kinapunguzwa mara ishirini na mbili na kidogo. Mafundi wa kazi hii huandika 1:22.5. Kwa hiyo reli yetu inaingia bustanini bila kulazimishwa. Jengo la mita 12 linakuwa sentimita 53 hivi. Mlango wa mita 2.25 unakuwa sentimita 10 kamili.

Hakuiga stesheni kubwa ya mjini. Alichagua stesheni ndogo ya njiani, ya namna ya zile unazozipita ukielekea Kingolwira na Mikese. Mbao laini hakuzitumia, kwa kuwa anawajua mchwa wa Morogoro na anaijua masika. Kuta alizifinyanga kwa saruji na mchanga uliochekechwa, juu ya wavu wa chuma. Milango na madirisha ni mabaki ya mninga kutoka kwa seremala. Bati alilipata kwa kukata makopo ya soda na kuyabana kati ya vibao viwili alivyochonga mifereji. Mikunjo ya bati halisi huachana kama sentimita saba na nusu. Yake inaachana milimita tatu na kidogo. Nilipima kwa rula yangu. Nilipima mlango, dirisha la tiketi, na miguu ya tangi la maji la kunyweshea injini za mvuke. Sikupata kosa.

Hata hivyo, nilivyozidi kuitazama ndivyo moyo wangu ulivyozidi kupoa. Jukwaa lilikuwa limefagiliwa. Hapakuwa na gunia, tenga wala mbuzi aliyefungwa kamba. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Msomaji mpenzi, nyumba hujengwa kwa ajili ya wakaao. Stesheni hujengwa kwa ajili ya wapitao. Ukiwaondoa wapitao, unabaki na ghala lenye dirisha. Sisi tuliosafiri daraja la tatu tunakumbuka kwamba stesheni haikuanza kwa kuonekana, ilianza kwa kusikika: akina mama wenye ndizi na machungwa wakikimbia kando ya mabehewa, mikono ikipanda madirishani, na chenji ikidaiwa huku treni imekwisha kung'oka.

Nikamwambia: "Kazi ni safi, lakini watu wako wapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, watu ndio walionifelisha."

Hapo nikakumbuka. Katika somo la zana za kufundishia alileta stesheni ya maboksi na udongo wa mfinyanzi, imejaa watu. Muuza ndizi alikuwa mrefu kuliko mlango, na mkungu wake ulikuwa mkubwa kuliko dirisha la tiketi. Nikampa nne katika kumi, nikaandika kwa wino mwekundu: "Hakuna skeli." Darasa likacheka, nami nikaliacha licheke.

Sisemi kwamba skeli ni upuuzi. Mwalimu anayechora ramani bila skeli anawapoteza watoto. Skeli ni adabu ya mkono. Lakini mtoto wa njiani alimwona muuza ndizi kwanza na mlango baadaye, na kijana yule alifinyanga alichokiona. Nilipaswa kumwambia apunguze kimo cha yule mama. Nilimfundisha kumfukuza jukwaani.

Jambo hili si dogo siku hizi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro katika njia mpya yenye upana wa milimita 1,435. Nimeipanda, ni safi na ina haraka, sina ugomvi nayo. Lakini mjukuu wangu anayeipanda hatanunua chungwa dirishani. Kama mfano uliojengwa na mtu aliyeyaona hayo hautamhifadhi yule mama, atahifadhiwa wapi?

Kwa hiyo hukumu yangu kama mhakiki ni hii: jengo limefaulu, stesheni bado. Na sehemu ya upungufu huo ni deni langu.

Nilirudi nyumbani, nikatafuta udongo, nikaanza kufinyanga. Mtu wa mita 1.70 anapaswa kuwa sentimita saba na nusu. Mikono yangu inatetemeka, na mama niliyemtoa alifika sentimita kumi na moja, na mkungu juu. Nikampeleka hivyo hivyo.

Mwanafunzi wangu alichukua rula, akampima taratibu, akamsimamisha kando ya dirisha la tiketi. Aliuzidi mlango.

"Nne katika kumi, Mwalimu," akasema. Lakini hakumwondoa.