Vita Vinavyoanzia Nyumbani: Muundo wa Tawasifu za Manusura wa Uganda

Msomaji wa Buwenge, katika barabara itokayo Jinja kwenda Kamuli, akitafuta tawasifu ya Mganda aliyeteswa utotoni, vitabu atakavyovipata kwanza ni vya vita. Ni vitabu vizito na vinastahili heshima. Hata hivyo, tunavisifu mno kwa ujasiri wa wasimulizi na kusahau kuhakiki jinsi vilivyojengwa. Simulizi inaanzia wapi? Nani kaipanga? Inaishia wapi? Kwangu mimi, maswali haya matatu yanaonyesha safari ya kupona vizuri zaidi kuliko sura yoyote ya mwisho iliyojaa matumaini.

Tuanze na China Keitetsi, aliyezaliwa mwaka 1976 magharibi mwa Uganda. Kitabu chake, Child Soldier, kilitoka mara ya kwanza mwaka 2002 akiwa mkimbizi Denmark. Jina la kitabu linamwandaa msomaji kwa bunduki, lakini mwanzoni hakuna jeshi. Kuna nyumba: baba mkali, bibi mwenye kiboko, na mtoto asiyejua kosa lake. Wapiganaji wa NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, wanaingia baadaye, katikati ya miaka ya 1980, mtoto akiwa ameshatoroka kwao kumtafuta mama mzazi. Keitetsi angeweza kuanzia kambini, kwenye kishindo, kisha arudi nyuma. Ameshika mfuatano wa matukio, na mfuatano huo ndio hoja yake: jeshi lilimpata mtoto ambaye nyumba yake ilishamshinda. Msomaji hawezi tena kuwalaumu makamanda peke yao.

Kuna pia suala la jina. "China" ni jina alilobandikwa na mkufunzi wa kambini kwa sababu ya macho yake. Katika tawasifu, mwandishi, msimulizi na mhusika hubeba jina moja. Hapa wote watatu wanabeba jina lililotoka kinywani mwa mtu aliyemfundisha vita. Keitetsi analiweka juu ya jalada bila kulificha wala kulitakasa, na anasimulia lilivyopatikana. Kwa tendo hilo, aliyeitwa amekuwa mwenye kusema.

Kitabu cha Girl Soldier cha mwaka 2007 kimejengwa kwa namna nyingine. Grace Akallo alikuwa mmoja wa wasichana 139 waliotekwa na waasi wa LRA katika shule ya Aboke, kaskazini mwa Uganda, Oktoba 1996. Sista Rachele Fassera wa shule hiyo aliwafuata waasi porini akarudi na 109. Akallo alikuwa miongoni mwa 30 waliobaki mateka. Katika kitabu, sura zake zinapishana na za Faith McDonnell, anayeeleza historia na siasa. Msomaji wa mbali anasaidika. Lakini mara nyingine Akallo anapokaribia kiini cha maumivu, mwenzake anachukua zamu. Sauti ya manusura inakuwa ushahidi ndani ya hoja ya mtu mwingine.

I Am Evelyn Amony, cha mwaka 2015, kinakwenda mbele zaidi. Amony alitekwa mwaka 1994 akiwa bado mtoto, akalazimishwa kuwa mke wa Joseph Kony, kiongozi wa LRA. Alisimulia kwa mdomo, na Erin Baines akahariri. Pamoja na masimulizi hayo kuna shajara yake mwenyewe, na hapo ndipo penye uzito wa kiusanii. Kurudi nyumbani hakufungi kitabu. Maisha ya uraiani yanaendelea, na macho ya majirani, na malezi ya watoto ambao jamii inawatazama kwa jina la baba yao. Shajara haina kilele wala suluhisho. Leo ni nzuri, kesho inauma upya. Umbo hilo linasema kweli zaidi kuhusu kupona kuliko simulizi iliyonyooka kutoka gizani hadi nuruni.

Hukumu yangu ni hii. Tawasifu ya vita ina mlango wa kutokea: mateka anarudi, silaha zinanyamaza. Mtoto wa Buwenge au Mbale anayeumizwa na ndugu yake hana mahali pa kurudi, maana aliyemtenda anakaa naye mkekani wakati wa chakula. Simulizi yake itahitaji mwanzo wa Keitetsi na mwendo wa shajara ya Amony. Itahitaji pia kuandikwa kwa Kisoga, Kigisu au Kiswahili, ili isomwe na walioshuhudia wakanyamaza.

Basi walimu, wachungaji, mashehe na wahariri mnaokusanya masimulizi haya, mwacheni manusura achague pa kuanzia. Asilazimishwe kuandika sura ya msamaha. Asichotaka kusema kibaki chake. Na kwa mtoto ambaye bado yumo ndani ya mateso, kitabu kinaweza kusubiri: nchini Uganda, simu ya msaada kwa watoto ni 116, na haitozwi malipo.