Sumukuvu mbele ya plazma baridi: hesabu ya asilimia 82

Mahindi yaliyoingia sumukuvu hayaokolewi na jiko. Aflatoksini B1, sumukuvu iliyo kali kuliko aflatoksini wenzake, huhimili joto la zaidi ya nyuzi 200, na maji ya ugali huchemka kwenye 100. Ndiyo maana mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, chakula kilichoiva vizuri kabisa kiliua watu: wagonjwa 317 waliorodheshwa, 125 wakafariki, wengi wao ini likiwa limeshindwa.

Kwa hiyo mbinu yoyote inayodai kuvunja sumu hiyo bila moto inastahili kuchunguzwa kwa makini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, akiwemo Klein Ileleji, walichapisha matokeo ya kutibu mahindi kwa plazma baridi.

Mtambo wenyewe hauna makuu. Chombo cha plastiki chenye mahindi na hewa hufungwa kisha huwekwa kati ya elektrodi mbili, na umeme wa makumi ya maelfu ya volti ukapitishwa. Kihami kilicho katikati huzuia umeme usipige kwa mkupuo mmoja. Badala yake hutawanyika kuwa cheche nyembamba zisizohesabika, rangi ya zambarau: hiyo ndiyo plazma. Elektroni zilizomo zina nguvu za joto la maelfu ya nyuzi, lakini ni nyepesi mno hata hewa haipati moto. Punje hutoka mbichi kama ilivyoingia. Kilichobadilika ni hewa: sasa imejaa ozoni, oksidi za nitrojeni na, palipo na mvuke, haidroksili. Ukifungua chombo unanusa harufu ya radi iliyopiga jirani.

Gesi hizo hufanya nini? Hapa ndipo pana utamu. Kwenye molekuli ya aflatoksini B1 kuna muungano maradufu kati ya kaboni ya 8 na ya 9. Mtu akila sumu hiyo, vimeng'enya vya ini hubandika oksijeni mahali hapohapo, na molekuli iliyogeuzwa hivyo ikang'ang'ania vinasaba vya seli. Saratani ya ini huanzia hapo. Ozoni nayo hupenda kushambulia muungano huohuo. Plazma inaukata ndani ya chombo kabla ini halijaufikia. Watafiti hao walichora maumbo ya mabaki sita makuu ya sumu iliyovunjwa, na kupotea kwa muungano huo ndiyo sababu ya kuyatarajia yawe na ukali mdogo. Kutarajia, nasema; kuyapima mabaki hayo ndani ya mnyama anayeyala ni kazi nyingine.

Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 40, dakika moja iliondoa asilimia 62 ya aflatoksini, na dakika kumi asilimia 82. Angalia mwendo wake: sehemu kubwa ya kazi inaisha dakika ya kwanza, tisa zinazofuata zinakwangua mabaki. Mchanganyiko wa gesi wenye oksijeni asilimia 65 ulifanya vizuri kuliko hewa, lakini mwenye ghala Kibaigwa, Tanzania, hatanunua mitungi ya oksijeni, hivyo mimi nabaki na hesabu ya hewa.

Na hesabu yenyewe ni hii. Kiwango cha juu cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yenye 50 yakipunguzwa asilimia 82 yanabaki na 9: yamepita. Yenye 100 yanabaki na 18: yamefeli. Sasa rudi kwenye masoko ya mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Sampuli 350 zilipopimwa, asilimia 35 zilizidi 100, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Kundi hilo la mwisho, hata baada ya dakika kumi za plazma, lingebaki na 180 na zaidi. Mtambo huu usingeyageuza mahindi yaliyoua watu kuwa chakula. Unaloliweza ni shehena iliyokwama mpakani kwa kuzidi kidogo, na hilo si jambo dogo kwa anayekumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda.

Tokeo ninalolithamini kuliko asilimia 82 ni jingine: mahindi yaliyokaa katikati ya cheche na yaliyokaa pembeni, yakifikiwa na gesi tu, yalisafishika sawasawa. Maana yake si lazima kupitisha kila gunia kati ya elektrodi. Gesi inaweza kuzalishwa kando ikapulizwa ghalani, na mashine ya kuzalisha ozoni kwa njia hii ni ya Werner von Siemens, ya mwaka 1857.

Kikwazo ni kwamba ozoni hujichosha kwenye punje za kwanza inazokutana nazo. Sumukuvu nayo haigawanyiki sawa. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, nazo zikiwa chini kabisa gesi inafika imeishiwa nguvu. Kuyakoroga mahindi kuliongeza matokeo Purdue, kwa kiasi kidogo cha maabara. Kukoroga tani mia ni feni, mota na bili ya umeme, na kabla ya gharama hiyo ningewalipa kwanza akina mama wachague punje mbovu kwa mkono.

Kwa karanga ningesita zaidi. Gesi inayokata sumu huoksidisha mafuta pia, na karanga karibu nusu yake ni mafuta. Ukizidisha dakika unapata karanga salama zenye ladha ya uchachu.