Mzazi Mmoja, Lugha Moja: Uhakiki wa Kanuni ya Malezi

Katika maandishi ya isimu yahusuyo watoto wa lugha mbili, ni kanuni chache zilizotajwa mara nyingi kama ile ya "mtu mmoja, lugha moja". Asili yake yajulikana. Mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat, ambaye mkewe alikuwa Mjerumani, alishauriwa na mwenzake Maurice Grammont kwamba yeye aseme na mwanawe Louis kwa Kifaransa tu, na mama mtu aseme naye kwa Kijerumani tu. Ronjat alilishika shauri hilo, akaandika aliyoyaona, na kitabu chake kikatolewa Paris mwaka 1913. Louis alizimudu lugha zote mbili. Tangu hapo kanuni imesafiri mbali, na hata kwetu hupendekezwa kwa wazazi wa makabila mawili kana kwamba ni dawa iliyojaribiwa papa hapa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo, ikiingizwa katika nyumba ya namna hii, huacha nje jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni lugha ambayo wazazi wenyewe wanasemezana.

Tuchukue nyumba moja ya kubuni, iliyo mfano wa nyingi katika mitaa ya Nairobi. Baba ni Mjaluo, mama ni Mkikuyu. Walijuana kazini, wakachumbiana kwa Kiswahili, wakaoana. Na hata leo wakijadiliana habari za karo, wakigombana, wakipatana, ni kwa Kiswahili kilichotiwa Kiingereza hapa na pale. M. H. Abdulaziz Mkilifi, katika makala yake ya 1972 kuhusu Tanzania, alieleza uhusiano wa lugha tatu: lugha ya kabila, Kiswahili na Kiingereza. Maelezo hayo yana manufaa makubwa, ila nyumba yetu haikai vizuri ndani yake, kwa kuwa humo Kiswahili hakikutoka sokoni wala ofisini kuja kubisha hodi. Ndicho kilichoijenga nyumba yenyewe. Mtoto azaliwapo hukikuta ndani.

Sasa kanuni na itumike. Baba aseme na mtoto Dholuo tu, mama aseme naye Kigikuyu tu. Mtoto atasikia nini? Atasikia Kigikuyu kutoka kinywa kimoja, nacho kinamwelekea yeye peke yake. Hapo ndipo penye kasoro ambayo, kwa maoni yangu, haijapimwa vya kutosha. Katika Kigikuyu mama yangu ni maitũ, mama yako ni nyũkwa, na mama yake ni nyina. Haya ni maneno matatu mbalimbali, wala si shina moja lenye viambishi kama mamangu, mamako na mamake. Mama aweza kumfundisha mwanawe neno la kwanza jinsi mtu afundishavyo kasuku. Lakini kuyatumia yote matatu kwa kupokezana, kila moja mahali pake, mtoto hukupata kwa kuwasikiliza watu wawili au watatu wakizungumza: binamu akimwita mamake, bibi akiuliza habari zake, jirani akimtaja. Yuriko Oshima-Takane alionyesha mwaka 1988 kwamba watoto hujifunza viwakilishi vya nafsi hata kwa maneno wasiyoambiwa wao. Iwapo ni hivyo kwa viwakilishi, majina ya jamaa hayawezi kuwa mbali.

Tena kuna adabu ya usemi. Mtoto hawezi kujifunza kwa baba yake namna ya kumjibu baba, kwa sababu baba hajijibu. Huijua kwa kuwasikiliza watoto wakubwa wakijibu, au kwa kumsikia baba naye akisema na baba yake. Na neno mama, ambalo katika Kiswahili ni mzazi wa kike, katika Kigikuyu ni mjomba. Mjomba asipofika Nairobi, neno la Kiswahili halina mpinzani.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mtoto wa nyumba hii, ingawa kila mzazi anatimiza wajibu wake kwa bidii, hukimbilia Kiswahili. Ndiyo lugha ya pekee nyumbani mwake ambamo husikia swali na jibu, ombi na katazo, mzaha na kisirani. Annick De Houwer, aliyechunguza jamaa 1,899 za Flanders nchini Ubelgiji na kuchapisha matokeo mwaka 2007, aliona kwamba kanuni ya mzazi mmoja, lugha moja si sharti la lazima wala haitoshi peke yake. Hata Werner Leopold, ambaye juzuu zake nne juu ya binti yake Hildegard zilitoka baina ya 1939 na 1949, alikuwa na shida ya kukiweka Kijerumani hai katika Marekani. Na nguvu kilizipata hasa mtoto alipokaa kwa miezi kadhaa Ujerumani, katikati ya watu waliokizungumza.

Yako madhara ya kuikosea nyumba hii. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha itumikayo zaidi katika eneo la shule. Pendekezo hilo halikuuliza damu ya mtoto, nalo lilikuwa na busara. Lakini mazoea yetu ya kusema "lugha ya mama" huirudisha damu kwa mlango wa nyuma: mtoto wa nyumba yetu huambiwa kwamba hana lugha ya mama, au kwamba anazo mbili ambazo hazijui. Anayo moja, na anaijua vyema. Kumwita mtu asiye na lugha kwa sababu lugha yake haina kabila ni kosa la istilahi, na wa kulisahihisha ni sisi tuliozitunga istilahi hizo.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inakiachia Kiswahili kizimeze lugha nyingine. Hasara naikubali, tena ni nzito: mjukuu aketiye mbele ya dana yake bila neno la kumwambia amepoteza kitu ambacho Kiswahili hakitamlipa. Ila haizuiliwi kwa kumgeuza kila mzazi kuwa mwalimu wa somo moja. Likizo ya mwezi mmoja kijijini, pamoja na binamu wa rika lake, humpa mtoto mazungumzo ambayo mzazi hawezi kuyaigiza peke yake. Kadhalika shangazi anayekuja kukaa, au simu inayopigwa kwa sauti kubwa mtoto akiwa karibu. Na mtafiti atakayeingia nyumba hizi na kinasa sauti, asikitumie wakati mama anapomsemesha mtoto tu. Na akiache mezani jioni, baba na mama wakizungumza wao kwa wao, mtoto akila kimya.