Neno "Ziba" na Wenzake: Uhakiki wa Istilahi za Viungio vya Mabomba ya Petroli

Miongoni mwa maandishi tuliyopata kuyasoma ni mwongozo mmoja wa karakana, uliofasiriwa kutoka Kiingereza, unaoeleza matengenezo ya njia ya petroli katika Land Rover za Mfululizo wa Tatu, zilizotengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Hatuutaji mwongozo huo kwa jina, wala mfasiri wake, kwa kuwa nia yetu si kumtahayarisha mtu. Nia yetu ni kuonyesha jinsi maneno machache yasiyopimwa yanavyoweza kumpotosha fundi katika kazi yenye hatari. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kiungio kinachovuja juu ya injini yenye joto si jambo la mzaha.

Kwanza tutoe sifa panapostahili. Sentensi za mwongozo huo ni fupi, na hatua zake zimepangwa kwa nambari. Mfasiri hakuona haya kutumia maneno ya mafundi wenyewe: nati, spana, tangi, pampu, kabureta, washa. Maneno hayo yamekwisha kuenea, na kuyatafutia badala ni kujisumbua bure. Kasoro tunazozihakiki zimo katika maneno matatu au manne tu, lakini ndiyo yanayobeba kazi yote.

1. Kuziba

Hatua ya tatu ya mwongozo yasema: "Fungua kiungio, kisha uzibe bomba." Hatua ya saba yasema: "Rudisha bomba mahali pake, kisha ulizibe vizuri." Katika hatua ya tatu, makusudio ni kuutia kizibo mdomo wa bomba ili petroli isimwagike wakati wa kazi. Katika hatua ya saba, makusudio ni kinyume cha hayo: petroli ipite ndani ya bomba, ila isivuje penye maungio. Kiingereza kina maneno mawili kwa matendo hayo mawili. Mfasiri ameyakusanya katika neno moja, na mwanafunzi ameachwa abahatishe.

Hatusemi kuwa neno "ziba" ni baya. Kuziba ni kufunga tundu au mwanya ili kitu kisipite, na maana hiyo yatufaa kote kuwili. Kasoro imo katika yambwa. Kinachozibwa katika hatua ya saba si bomba, bali ni mwanya uliopo baina ya bomba na kiungio. Kwa hiyo twapendekeza kanuni nyepesi: mfasiri asiandike kamwe "ziba bomba" bila kutaja mahali. Aandike "ziba mdomo wa bomba kwa kizibo" au "ziba mwanya wa kiungio", kama itakavyokuwa.

Jina litokanalo na tendo hilo limeleta taabu kubwa zaidi. Mfasiri amekwenda katika kamusi, akakuta "muhuri", akaandika "badili muhuri wa mpira". Kila karani aujua muhuri wa mpira: ni kile kidude cha kugongea barua. Hata "lakiri" isingefaa, maana kazi yake ni kuthibitisha kuwa bahasha haijafunguliwa. Mafundi huita kipande hicho "sili", na sisi hatuoni sababu ya kuwapinga. Twapendekeza "sili" iwe jina la kipande chenyewe, na "kizuia-mvujo" liwe jina la jumla la kila kitu kinachofanya kazi hiyo, kiwe sili, washa, utepe au dawa ya kupaka.

2. Hesi

Kwa ile mizunguko iliyochongwa kwenye kiungio, mwongozo watumia "nyuzi", na kuamuru: "Funga nyuzi zote kwa utepe." Kiswahili kina neno la kale kwa jambo hili, nalo ni "hesi", kama tusemavyo "msumari wa hesi". Neno hili lastahili kufufuliwa katika karakana, kwani "uzi" huwapeleka wasomaji kwenye nguo.

Lakini hata likirekebishwa neno hilo, amri yenyewe ina hitilafu, maana hesi si za aina moja. Kuna hesi ya mchongoko, ambayo hupungua unene sehemu 1 kwa kila urefu wa sehemu 16. Hii hujikaza kadiri inavyozungushwa, na hesi yenyewe, pamoja na kizuia-mvujo kilichopakwa au kuzungushiwa juu yake, ndiyo izuiayo mvujo. Kuna hesi nyofu, isiyopungua unene. Kazi yake ni kubana tu, na mvujo huzuiwa na washa au sili. Tena kuna kiungio cha mdomo uliopanuliwa, ambapo ncha ya bomba hufanywa kama mdomo wa tarumbeta na kukandamizwa juu ya uso wa mshazari; hapo chuma hukutana na chuma, na utepe juu ya hesi hauna kazi.

Fundi akitii amri ya kufunga utepe kwenye hesi zote, kiungio cha mdomo uliopanuliwa kinaweza kuendelea kuvuja, kwa kuwa kasoro iko usoni mwa bomba, siyo penye hesi. Isitoshe, vipande vya utepe vikikatika huchukuliwa na petroli hadi kwenye vitundu vyembamba vya kabureta. Hapo ndipo "kuziba" kunapotimia kwa maana asiyoikusudia mfasiri!

3. Adapta

Mwongozo watumia "kigeuzi". Neno hili limekwisha kutumika kwa vyombo vibadilivyo nguvu za umeme, na kipande hiki hakigeuzi kitu. Huunganisha tu vipande viwili vyenye hesi zisizolingana. Twapendelea "adapta", au "kiungio cha kati" panapohitajika maelezo.

Umuhimu wake waonekana katika vipimo. Hesi ya mchongoko ya Kimarekani ya robo inchi ina mizunguko 18 kwa inchi, na pembe yake ni nyuzi 60. Hesi ya mabomba ya Kiingereza ya robo inchi ina mizunguko 19, na pembe yake ni nyuzi 55. Chujio la Kimarekani hukubali kuingia mizunguko michache katika kiungio cha Kiingereza, kisha hukwama, na fundi akadhani limekaza. Mwongozo wasema tu "kigeuzi cha robo inchi". Tafsiri iliyokamilika haina budi kutaja mfumo wa hesi wa kila upande.

Wapo watakaosema kuwa fundi hujua kazi yake, wala hasomi istilahi. Huenda fundi mzoefu akaisahihisha tafsiri mbovu kwa macho yake. Lakini mwongozo huandikwa kwa ajili ya yule asiyejua bado, na huyo hana cha kumwongoza isipokuwa maneno aliyopewa.

Twapendekeza hatua ya saba isomeke hivi: "Rudisha bomba mahali pake. Ikiwa hesi ni ya mchongoko, ipake kizuia-mvujo kisichoharibiwa na petroli, ukiacha wazi mzunguko wa kwanza. Ikiwa hesi ni nyofu, weka washa mpya. Ikiwa mdomo wa bomba umepanuliwa, usitie kitu. Futa uso wake, kisha kaza nati." Maelezo hayo ni marefu kuliko ya mwanzo, nasi twaukubali urefu huo.

Twawaomba wafasiri na walimu wa ufundi watuletee maneno yanayotumika katika karakana za kwao kwa vitu hivi, hasa ule mdomo uliopanuliwa, ambao bado hauna jina la neno moja. Maneno hayo yasomwe mbele ya fundi, na kiungio kikiwa mkononi mwake, kabla hayajapelekwa kusanifishwa.