Haki ya Kitabu

Neno uhakiki limebeba haki na hakika ndani yake, nami hulipenda kwa sababu hiyo. Mhakiki hukikalia kitabu mpaka kimweleze kilicho nacho, ndipo atoe neno lake, ushahidi mkononi.

Kazi yenyewe huanzia chini kabisa. Mpe shairi la mapokeo, utamwona akihesabu mizani kwa ncha za vidole mezani, silabi kwa silabi: nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), nane utao (nusu ya pili). Hata ile “m” ya “mtu” huipa kidole chake. Akikuta saba palipotakiwa nane, hakimbilii kumlaumu mtunzi. Hurudi mwanzo wa mshororo, akausoma kwa sauti, akajiuliza: je, mchapaji kadondosha herufi? Je, ni lahaja? Au mtunzi kakusudia?

Kanuni hizo za mizani, pamoja na za vina, Sheikh Amri Abedi alizichapisha mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Hapo vidole havikutosha tena. Wanamapokeo walikataa kuyaita mashairi. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakajibu kwa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, mwaka 1979, wakishikilia kwamba ushairi haukamiliki kwa vina na mizani pekee. Maneno yalikuwa makali, lakini mgogoro ule ulitulazimisha sote kuuliza ushairi hasa ni nini. Leo mwanafunzi husoma tungo za aina zote mbili darasa moja.

Kezilahabi mwenyewe alikuwa mhakiki. Aliketi na riwaya za Shaaban Robert na kuzitafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyevunja kanuni aliwasoma pia waliomtangulia.

Ndiyo maana huniuma kumwona kijana akikariri dhamira na wahusika kutoka kwenye mwongozo, riwaya yenyewe hajaifungua. Amepokea hukumu ya kesi asiyoisikiliza. Akizoea hivyo darasani, atapokea hivyo hivyo hukumu za magazetini na za majukwaani.

Walimu wenzangu, tuwape watoto kitabu kwanza. Mwongozo utasubiri.